Haki ya Kuandika katika Diski Zinazojipachika: Maelezo kwa Watumiaji wa Kawaida wa Linux

1. Utangulizi

Mtafiti wa lugha wa siku hizi harudi tena kutoka nyanjani akiwa na daftari na kanda za sauti peke yake. Aghalabu hurudi na flashi au diski ya nje ya USB ambayo ndani yake mna masimulizi, nyimbo, mahojiano na picha za miswada. Diski hiyo huchomekwa katika kompyuta ya idara, na iwapo kompyuta hiyo inaendeshwa na Linux, mara nyingi kazi huendelea bila kizuizi. Lakini hutokea pia kwamba diski yafunguka, faili zilizomo zaonekana na sauti zasikika, ila kila jaribio la kuweka humo nakala mpya, au hata la kusahihisha jina la faili moja, hujibiwa kwa kauli ile ile: ruhusa imekataliwa. Mwenye diski ameinunua kwa fedha zake na kuibeba mfukoni mwake safari nzima, na bado mashine yamwambia kwamba yeye si mwenyewe.

Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini jambo hilo hutokea, na jinsi mtumiaji wa kawaida, yaani yule asiye msimamizi wa mashine, anavyoweza kupewa haki ya kuandika katika diski za aina hiyo bila ya kuvunja ulinzi wa mashine nzima. Jambo lenyewe si la mafundi peke yao. Idara nyingi hutegemea kompyuta chache zinazotumiwa na wahadhiri, wanafunzi na makarani kwa zamu, na makosa yanayofanywa katika kutafuta njia ya mkato ndiyo yanayozipoteza kumbukumbu ambazo wasimulizi wake huenda hawapo tena duniani. Tena suala hili lina upande wa lugha unaostahili kuangaliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya utata wake hutokana na vitenzi vinavyotumiwa kulielezea.

2. Vitenzi viwili na nomino mbili

Juhudi za kuipa kompyuta msamiati wa Kiswahili si za jana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku watumiaji wengi hutumia kitenzi kimoja tu, yaani kuweka, kwa matendo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: "weka flashi" na "flashi imewekwa". Matendo hayo yafaa yatenganishwe tangu mwanzo.

Tendo la kwanza ni la mkono. Flashi huingizwa katika tundu la USB, na Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayolifaa tendo hili: kuchomeka na kinyume chake kuchomoa. Tendo la pili ni la mfumo wa uendeshaji. Hapa yale yaliyomo ndani ya diski huunganishwa na mpangilio wa faili za mashine, mahali maalumu, ili yaweze kusomwa na kuandikwa. Tendo hili makala haya yataliita kupachika, na kinyume chake kupachua. Kitenzi hiki ni cha zamani: mshale hupachikwa katika uzi wa upinde, yaani kitu kimoja hutiwa mahali pake katika kingine ili viwili hivyo vifanye kazi kama kimoja. Ndivyo ilivyo kwa diski. Flashi yaweza kuwa imechomekwa lakini haijapachikwa. Hapo mashine inajua kwamba kifaa kipo, lakini hakuna mtu awezaye kukisoma kwa njia ya kawaida. Vile vile yaweza kuchomolewa kabla ya kupachuliwa, na hilo, kama itakavyoonyeshwa, ni hatari.

Kuna pia nomino mbili ambazo hufanywa kuwa kitu kimoja, nazo ni haki na idhini. Katika makala haya, haki ni alama zilizofungamana na faili au kabrasha, zinazosema nani asome na nani aandike. Idhini ni uamuzi unaotolewa na mashine papo hapo, mtu anapoomba kutenda jambo kama vile kupachika diski. Mtu aweza kupata idhini ya kupachika diski asiwe na haki ya kuandika ndani yake, na kinyume chake pia chawezekana.

3. Asili ya katazo

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Lakini mpango wake wa haki za watumiaji umerithiwa kutoka mfumo wa Unix, ulioanza kujengwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani. Unix ilikua kuwa mfumo wa watu wengi wanaoitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ilibidi kila faili iwe na mwenyewe, iwe na kundi, na watu waliobaki waitwe wengine. Kwa kila mmoja wa hawa watatu kuna haki tatu: kusoma, kuandika na kutekeleza. Haki hizo hupewa thamani za 4, 2 na 1, kisha hujumlishwa. Faili yenye alama 644 husomwa na kuandikwa na mwenyewe (4 na 2), na husomwa tu na kundi na wengine. Kabrasha lenye alama 755 huandikwa na mwenyewe, na watu wengine huweza kuingia na kutazama tu. Juu ya watu wote yuko mtumiaji mkuu, ambaye namba yake ni 0 na ambaye alama hizi hazimzuii.

Katika mfumo huo diski hazipewi herufi zake kama zinavyopewa katika Windows. Faili zote za mashine ni matawi ya mti mmoja unaoanzia shinani, na diski mpya hupachikwa katika tawi mojawapo, yaani katika kabrasha fulani. Tangu hapo lolote lililokuwamo katika kabrasha lile hufichika mpaka diski itakapopachuliwa. Hapa ndipo ilipo sababu ya katazo. Kama kila mtu angeruhusiwa kupachika diski yake popote apendapo, angeweza kuipachika juu ya kabrasha lenye orodha ya watumiaji na maneno yao ya siri, naye angekuwa ameibadilisha orodha ile kwa orodha aliyoitunga mwenyewe nyumbani. Kwa ajili hiyo kupachika kulifanywa kuwa kazi ya mtumiaji mkuu.

Katika miaka ya 1970 katazo hilo halikumsumbua mtu. Diski zilikuwa mabunda mazito yaliyobadilishwa na wasimamizi wa chumba cha mashine, na mtumiaji wa kawaida hakuwa na diski ya kubeba. Hali ilibadilika baada ya kutangazwa kwa kanuni za USB mwaka 1996, na hasa flashi zilipoanza kuuzwa mwaka 2000. Tangu hapo diski ikawa mali ya mtu binafsi, ilhali sheria ya kuipachika ilibaki ile ya zama za mabunda. Tatizo linalozungumziwa katika makala haya limezaliwa na hitilafu hiyo.

4. Diski zisizo na daftari na diski zenye daftari

Si diski zote zinazohifadhi habari za mwenyewe. Kwa upande huu zaweza kugawanywa katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni la diski zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 au exFAT. Hizi ndizo flashi nyingi za dukani na kadi nyingi za vinasa sauti. Mitindo hii haina mahali pa kuandika mwenyewe wa faili wala kundi lake. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali haipotei, ila mashine, kwa kukosa daftari, hulazimika kubuni mwenyewe. Jinsi inavyobuni ni rahisi: isipoagizwa vingine, faili zote zilizomo huhesabiwa kuwa za yule aliyeipachika diski. Ikiwa aliyepachika ni mtumiaji mkuu, basi faili zote ni zake, na kwa kawaida alama huwa 755. Mtumiaji wa kawaida huhesabiwa miongoni mwa wengine. Atasoma, lakini hataandika. Tena, kwa kuwa hakuna daftari, amri za kubadilisha mwenyewe na haki, yaani chown na chmod, hazina pa kuandika mabadiliko hayo. Mtu aweza kuzirudia mara kumi, hata akiwa mtumiaji mkuu, na hali ikabaki vile vile. Haki za diski ya namna hii huamuliwa wakati wa kupachika tu.

Fungu la pili ni la diski zilizopangwa kwa mitindo ya Linux yenyewe, kama vile ext4, ambayo imekuwa tayari kwa matumizi ya jumla tangu mwaka 2008. Hizi zina daftari, na kila faili huandikiwa mwenyewe na kundi lake. Lakini kinachoandikwa ni namba, si jina. Katika mifumo mingi ya Linux, kama vile Debian, Ubuntu na Fedora, mtumiaji wa kwanza wa kawaida hupewa namba 1000. Mhadhiri mwenye namba 1000 katika kompyuta yake ya nyumbani akiileta diski yake idarani, ambako namba 1000 ni ya karani, mashine ya idara itamtambua karani kuwa ndiye mwenyewe wa faili zote, na mhadhiri, ambaye pale huenda ni 1003, atakuwa mgeni katika mali yake. Zaidi ya hayo, diski mpya inapopangwa na mtumiaji mkuu, kabrasha lake la kwanza huwa la mtumiaji mkuu, na hakuna mwingine awezaye kuandika humo mpaka libadilishwe.

Kutokana na mgawanyo huo yaonekana wazi kwamba dawa ya fungu moja haitibu fungu la pili. Kabla ya jambo lolote, yafaa ijulikane diski imepangwa kwa mtindo gani. Amri lsblk -f huonyesha habari hizo, pamoja na namba maalumu ya utambulisho ya kila diski.

5. Diski imepachikwa na nani?

Mtumiaji wa leo haoni tendo la kupachika. Huchomeka flashi, na punde dirisha hufunguka. Husemwa basi kwamba diski "imejipachika". Wanaisimu watatambua mara moja kasoro ya kauli hiyo: kiambishi cha kujirejea -ji- kimemficha mtenda. Diski haijipachiki. Ipo programu iliyoipachika kwa niaba ya mtu fulani, na kwa kuwa haki katika fungu la kwanza hutegemea mtu huyo ni nani, swali lifaalo kuulizwa si "je, imejipachika?" bali ni "imepachikwa na nani, kwa ajili ya nani?"

Katika mifumo mingi ya sasa yenye madirisha, kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo udisks. Yenyewe huendeshwa kwa uwezo wa mtumiaji mkuu, lakini hungoja kuombwa na mtumiaji aliyeketi mbele ya mashine. Inapoombwa, kwanza hushauriana na programu nyingine, polkit, ambayo kazi yake ni kutoa au kunyima idhini. Kwa desturi, polkit humpa idhini mtu aliyeingia katika mashine akiwa yuko pale pale, na kikao chake ndicho kinachotumika wakati ule. Anayeingia kwa mbali kwa njia ya SSH hudaiwa neno la siri la msimamizi. Idhini ikipatikana, udisks huipachika diski ndani ya kabrasha lililotengwa kwa ajili ya mtumiaji huyo chini ya /run/media, au /media katika Debian na Ubuntu, ambamo watumiaji wengine wa kawaida hawawezi kuingia. Kama diski ni ya FAT32, exFAT au NTFS, huagiza pia kwamba mwenyewe wa faili awe ni yule aliyeomba. Hiyo ndiyo sababu katika hali ya kawaida tatizo halionekani kabisa.

Tatizo huzuka pale mnyororo huo unapokatika. Msimamizi aweza kuwa ameipachika diski mwenyewe kwa amri ya mount, na kwa hiyo mwenyewe ni mtumiaji mkuu. Mashine yaweza kuwa haina madirisha, kama zilivyo nyingi zinazotunza hifadhi za sauti. Huenda diski ikawa ya ext4, ambayo udisks haiingilii daftari lake. Au huenda ikawa imepachikwa na mtumiaji mmoja naye mwingine ataka kuiandika. Kila moja ya hali hizo ina njia yake.

6. Njia za kutoa haki

6.1 Diski zisizo na daftari

Kwa diski ya idara inayotumiwa kila siku, njia iliyo thabiti ni kuiandika katika orodha ya diski iliyo katika faili /etc/fstab. Kwanza msimamizi huunda kundi la wale wanaostahili kuandika, huwaingiza humo, kisha hutengeneza kabrasha la kupachikia:

groupadd -g 2500 hifadhi
usermod -aG hifadhi jina-la-mtumiaji
mkdir /media/hifadhi

Baada ya hapo huongeza mstari mmoja katika orodha:

UUID=3A7F-12C4 /media/hifadhi vfat noauto,users,gid=2500,fmask=113,dmask=002 0 0

Namba ya kwanza ni utambulisho wa diski yenyewe, na kila diski ina yake. Neno vfat ndilo jina ambalo Linux huitumia mitindo ya FAT. Agizo noauto lasema kwamba diski isipachikwe mashine inapowaka, kwani huenda wakati huo haijachomekwa. Agizo users humruhusu mtumiaji yeyote kuipachika na yeyote kuipachua, lakini katika kabrasha lile tu lililotajwa. Kwa hiyo hofu ya zamani ya diski kupachikwa popote inaondolewa. Kama lingeandikwa user, bila s, ni yule aliyeipachika tu, mbali na mtumiaji mkuu, ambaye angeweza kuipachua. Agizo gid huzitia faili zote katika kundi 2500. Maagizo mawili ya mwisho ni ya kutoa katika 777: faili hubakiwa na 664 na makabrasha na 775, yaani mwenyewe na kundi huandika, na wengine husoma. Ikiwa mahojiano yaliyomo ni ya siri, namba hizo hubadilishwa kuwa 117 na 007, na wengine hawaoni kitu.

Maagizo user na users huleta pamoja nayo mengine matatu yasiyoandikwa: noexec, nosuid na nodev. La pili ndilo lenye uzito zaidi. Katika diski zenye daftari inawezekana programu ipewe alama inayoifanya itekelezwe kwa uwezo wa mwenyewe wake badala ya uwezo wa anayeiendesha. Mtu angeweza kutengeneza programu ya namna hiyo katika kompyuta yake, ambako yeye ndiye mtumiaji mkuu, kisha akaileta kwa flashi na kuwa mtumiaji mkuu katika mashine ya watu. Agizo nosuid huibatilisha alama hiyo. Msimamizi anayeliondoa ili kurahisisha mambo amefungua mlango mkubwa kuliko aliodhani.

6.2 Diski zenye daftari

Kwa diski ya ext4 maagizo ya gid na fmask hayana kazi. Haki hubadilishwa ndani ya diski yenyewe, mara moja, baada ya kupachikwa:

chown root:hifadhi /media/hifadhi
chmod 2775 /media/hifadhi

Tarakimu 2 ya mwanzo huagiza kwamba kila faili itakayozaliwa katika kabrasha hilo irithi kundi la kabrasha, si kundi la aliyeiumba. Hata hivyo urithi huo haujakamilika, kwa kuwa katika mashine nyingi faili mpya hupewa alama 644, ambayo hulinyima kundi haki ya kuandika. Mhadhiri ataandika unukuzi wake, na mwenzake aliye katika kundi moja naye atashindwa kuusahihisha. Amri ifuatayo huliondoa tatizo hilo kwa kuweka haki za kurithiwa:

setfacl -d -m g:hifadhi:rwX /media/hifadhi

Kwa kuwa diski hubeba namba na si majina, ni lazima kundi la hifadhi lipewe namba ile ile katika kila kompyuta ya idara. Ndiyo maana katika sehemu iliyotangulia namba 2500 ilitajwa waziwazi badala ya kuiachia mashine ijichagulie. Aliyeongezwa katika kundi naye sharti atoke na kuingia upya ndipo haki yake mpya itambuliwe. Wengi husahau jambo hili dogo, wakadhani kwamba amri zimeshindwa.

6.3 Idhini ya kupachika

Pale haki zilipo sawa lakini mtu hana idhini ya kupachika, kama vile mtunza hifadhi anayeingia katika mashine kwa mbali, si lazima apewe neno la siri la msimamizi. Polkit hukubali kanuni fupi zinazoandikwa katika kabrasha /etc/polkit-1/rules.d. Msimamizi aweza kuandika humo kwamba wanakundi wa hifadhi wapewe idhini ya tendo moja tu, yaani org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-other-seat. Baada ya hapo mtunzaji huipachika diski kwa amri:

udisksctl mount -b /dev/sdb1

Njia hii hugawa madaraka vipande vipande: mtu hupewa tendo analolihitaji, na hapewi jingine.

7. Makosa yanayozoeleka

Kosa la kwanza ni kutafuta haki mahali ambapo haikupotea. Yapo majibu mawili ya mashine yanayofanana lakini yenye maana tofauti. La kwanza husema kwamba ruhusa imekataliwa. Hilo ni suala la haki. La pili husema kwamba mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Hapo hakuna mtu mwenye uwezo wa kuandika, hata mtumiaji mkuu. Sababu yaweza kuwa ni kitufe cha kufungia kilicho ubavuni mwa kadi ya kinasa sauti, au hitilafu iliyogunduliwa katika diski na kuifanya Linux iilinde isiharibike zaidi, au diski ya NTFS iliyotoka katika Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu. Katika hali ya hitilafu, kulazimisha kuandika ni kuhatarisha kilichomo. Kwanza yafaa nakala itolewe, kisha diski ikaguliwe.

Kosa la pili ni alama 777. Huipa kila mtu haki zote, nayo hupendwa kwa sababu hufanya kazi mara moja. Katika kompyuta ya idara maana yake ni kwamba mwanafunzi yeyote aweza, kwa bahati mbaya tu, kufuta kabrasha zima la mahojiano, na hakuna alama itakayomzuia. Tena wasimulizi wengi hutoa habari za maisha yao kwa kumwamini mtafiti mmoja, si kwa kuiamini kompyuta yenye watumiaji arobaini.

Kosa la tatu ni kufanya kazi za kila siku kwa uwezo wa mtumiaji mkuu kwa kutanguliza neno sudo mbele ya kila amri. Faili zinazonakiliwa hivyo kutoka katika flashi kuja kompyutani huwa mali ya mtumiaji mkuu, na kesho yake mtafiti hushindwa kuhariri unukuzi wake mwenyewe. Huongeza sudo tena, na hivyo tatizo hujizalisha.

Kosa la nne ni kuchomoa kabla ya kupachua. Linux haiandiki katika diski papo hapo kila inapoagizwa. Hukusanya kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huandika. Upau wa kunakili waweza kufika mwisho ilhali sehemu ya sauti bado haijafika katika flashi. Kupachua ndiko kunakoilazimisha mashine kumaliza deni hilo. Anayechomoa mapema aweza kwenda zake na faili yenye jina kamili na mwili pungufu, asigundue mpaka baada ya kuifuta ile ya asili.

Jambo la tano si kosa bali ni mpaka wa chombo. Faili moja katika FAT32 haiwezi kufikia GB 4 kamili kwa hesabu ya baiti 4,294,967,296. Sauti isiyobanwa ya njia mbili, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli, hutumia baiti 288,000 kwa sekunde, na kwa hiyo hufika mpaka huo baada ya saa 4 na dakika 8 hivi. Ngoma ya usiku kucha ikiunganishwa kuwa faili moja haitakubali kuandikwa katika diski hiyo, na hakuna haki wala idhini itakayoisaidia. Hapo inahitajika exFAT, ambayo imekuwamo katika kiini cha Linux tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019, au ext4.

Mwisho, yafaa ieleweke kwamba haki zote zilizoelezwa hapa hutekelezwa na mashine inayoipachika diski, si na diski yenyewe. Mwenye kompyuta yake, akiwa humo ndiye mtumiaji mkuu, ataisoma diski yoyote iliyodondoka njiani, hata kama ilikuwa na alama kali kiasi gani. Haki za faili katika flashi ni mlango wa pazia: wenye adabu husimama nje, lakini haumzuii mwizi. Yaliyo siri kweli kweli yahitaji kufungwa kwa usimbaji, kwa mfano wa LUKS, ambao hudai neno la siri katika kila mashine.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mtumiaji wa kawaida hanyimwi haki ya kuandika kwa sababu ya uchoyo wa mfumo, bali kwa sababu ya maswali matatu ambayo mashine huyajibu kimya kimya: diski ina daftari au haina, imepachikwa na nani, na huyo anayetaka kuandika anahesabiwa kuwa mwenyewe, mwanakundi au mwingine. Kwa diski isiyo na daftari, haki hutolewa wakati wa kupachika. Kwa diski yenye daftari, haki hutolewa ndani ya diski na kulindwa kwa namba zinazolingana katika mashine zote. Idhini ya kupachika ni jambo la tatu, nalo hutolewa peke yake.

Katika njia zote hizo, kiungo kinachofaa idara ni kundi. Alama za mwenyewe humfaa mtu mmoja, na alama za wengine hazichagui mtu. Kundi peke yake ndilo linaloweza kusema kwamba wahadhiri hawa na mtunza hifadhi huyu wanaaminiana katika kazi hii. Idara yenye hifadhi ya sauti yafaa iamue orodha ya wanakundi hao katika kikao chake, kama inavyoamua nani akabidhiwe ufunguo wa kabati la miswada, na msimamizi wa mashine apewe orodha hiyo kwa maandishi. Kazi yake ya kuitia mashineni haitazidi mistari michache.

Kwa upande wa istilahi, jozi za chomeka na chomoa, pachika na pachua, zaweza kufundishwa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika dakika tano. Atakayezishika ataelewa pia kwa nini flashi yake ilikataa kuandikwa, na kwa nini hapaswi kuichomoa kabla haijapachuliwa.